Mahindi ya Mwaka Ujao

Mimi nimelelewa kwa mahindi ya mwaka jana. Si mzaha. Ukiondoa yale mabichi ya kuchoma, hakuna punje mpya iliyowahi kuingia sufuria ya mama yangu, na mahindi yenyewe tulilima kwa mikono yetu.

Wazazi wangu walikuwa kati ya familia chache za kwanza za Wamormoni kuhamia kule nyikani, Ukambani, mahali ambapo watu wenye akili zao walikuwa wamepakimbia. Walifyeka miiba, wakachimba bwawa kwa majembe, wakajenga kanisa la mabati kabla nyumba zao hazijapata milango. Majirani walitucheka, maana dini yetu inakataza chai: "Wale wasiokunywa chai!" Mgeni akija Mama alimpa maziwa ya moto na sukari, naye mgeni alikunywa huku akitupia macho mlango wa jikoni, anangoja chai yenyewe.

Kanisani tulifundishwa kuweka akiba ya chakula cha mwaka mzima. Wengine waliweka walichoweza. Mama aliifanya sheria: mavuno mapya yanaingia pipa la nyuma, sisi tunakula ya pipa la mbele, yaliyokwisha kutobolewa na dumuzi. Tukilalamika alisema, "Mapya ni ya mwaka ujao. Ama nyinyi mwaka ujao hamtakuwepo?" Basi tulitafuna. Ukame ulipokuja, wale wale waliotucheka wakaja na madebe, na Baba akawafungulia pipa la nyuma, maana mgeni hapewi dumuzi. Nililia kwa hasira siku ile. Mama alinitazama, kisha akaendelea kupepeta.

Baba alipofariki nilimleta Mama huku Stockholm, kwangu Vällingby. Karatasi zilitutoa jasho! Chini ya jengo letu kuna vistoo vya wavu, kila nyumba na chake, ambamo Waswidi huweka skii zao za kutelezea thelujini na mapambo ya Krismasi. Mama aliweka ndoo mbili za mahindi. Ya mbele yalitoka duka moja kule Hjulsta. Ya nyuma yalitoka shambani kwake mwenyewe, aliletewa na dada wa kanisani aliyekwenda likizo. Sijui alivukaje nayo uwanja wa ndege, na sikuuliza.

"Haya ni ya mwaka ujao," Mama akasema akibana kifuniko. Binti yangu akauliza kwa Kiswidi kwa nini tusile sasa hivi. Nilipomtafsiria, Mama alicheka. "Mwambie ameanza maswali ya mama yake."

Halafu ugonjwa ukamwingia Mama. Daktari alisema umefika kwenye ini, nami ndiye niliyemwambia Mama, neno kwa neno, kwa sababu alinikazia macho nisipunguze. "Haya," akasema. Tukiwa kwenye treni ya kurudi akaniambia mwaka ujao lazima akapande mwenyewe, maana yule aliyemwachia shamba anapanda ovyo ovyo. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila niliposhuka stoo nilichota ndoo ya mbele, nikagusa kifuniko cha ile ya nyuma. Madhali imefungwa, Mama ana safari. Ujinga, najua. Niacheni na ujinga wangu.

Hamu ya chakula ilimwisha kabisa. Jumapili moja nikirudi kanisani nilimkuta ameketi kwenye kochi, kajifunika blanketi hadi kidevuni. "Nipikie githeri," akasema. Jamani, nilivyofurahi! Nikanyakua bakuli nikachote mahindi ya kuchanganya na maharagwe. Nilikuwa nimeshafungua mlango aliponiita.

"Chota kwa ndoo ya nyuma."

"Mama, ya mbele haijaisha. Iko nusu."

"Najua."

"Si yale ni ya mwaka ujao, Mama?"

Alinitazama vile vile alivyonitazama siku ya ukame. "Mwanangu," akasema, "nataka kuyaonja."

Nikashuka. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Nikakaa sakafuni, ndoo katikati ya magoti, nikalia kwa sauti mpaka jirani mmoja aliyefuata skii zake akauliza kama nimeumia. Nikamjibu ndiyo.

Mahindi mapya huiva upesi. Hata hilo sikulijua. Nilimlisha kwa kijiko, kidogo kidogo. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, nami nikangoja na kijiko mkononi.

"Kumbe ni matamu hivi," akasema. "Maskini wanangu."

Nikamwambia hata yale ya dumuzi yalikuwa matamu.

"Mwongo wewe," akasema, akafungua mdomo nimwongeze.

Alitutoka ndoo ya mbele ikiwa bado nusu.