Upande Wake wa Mazungumzo

Tangazo lilikuja kwa barua pepe asubuhi moja ya Juni, nikiwa ofisini kwangu Nyeri, chumba kidogo juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kampuni iliyokuwa ikituhifadhia mtandaoni msimbo wa programu yetu, yaani maagizo tuliyoiandikia kompyuta, ilisema inafunga huduma hiyo. Wateja walipewa miezi mitatu kuhamisha kila kilicho chao, na baada ya hapo mitambo ingezimwa. Nilisoma mara mbili, kisha kwa mazoea nikachukua simu nimwandikie mwenzangu tuliyekuwa tukiiandika pamoja. Nilikuwa nimeshaandika "Mzee, umeona" nilipokumbuka kwamba tulimzika Aprili.

Programu yenyewe ilikuwa ya maji. Upande wa Kieni mvua ni haba, na wakulima wa karibu na Chaka hunywesha mashamba yao ya viazi, vitunguu na kabichi kwa maji ya bomba yanayoteremka kutoka msituni. Hayatoshi watu wote kwa siku moja, kwa hiyo hutolewa kwa zamu. Programu yetu ilipanga zamu hizo na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu: laini yako ya maji itafunguliwa Jumanne saa mbili asubuhi, itafungwa saa nane. Mtu akiisikia huko nje anaona ni kazi ndogo. Mtu ambaye miche yake inanyauka haioni hivyo.

Kamati ya mradi huo wa maji iliponipa kazi ya kuitengeneza, ilinipa pia mtu wa kunieleza mambo, ndiye huyo mzee. Alikuwa mfungua valvu wao, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akizunguka na pikipiki kufungua na kufunga maji kwa muda mrefu hata akajua kila bomba limezikwa wapi. Siku ya kwanza alikaa kando yangu kimya karibu saa tatu nzima, akitazama nikiandika. Kisha akasema, "Madam, niko na swali. Hiyo kompyuta inajua laini ya juu iko na mteremko?"

"Haijui."

"Basi itakosea."

Ilikosea kweli, wiki hiyo hiyo. Nikamwomba aniandikie kila anachokijua. Aliniletea daftari lililojaa pande zote mbili za karatasi, na alipolikabidhi akaniuliza kama ningeweza kumfundisha aandike mwenyewe, kwa sababu kunieleza mimi ili niieleze kompyuta kulikuwa kunamchosha. Nilikubali nikidhani atachoka baada ya wiki mbili. Hakuchoka. Alikuja kila alipopata nafasi, na helmeti mkononi, na kufikia mwaka wa pili alikuwa akiandika sehemu nzima peke yake. Sehemu hizo alizipa majina ya mahali: Mti Mmoja, Kwa Kinu, Daraja Bovu. Mwanzoni nilitaka kuzibadilisha. Niliacha nilipogundua kwamba hakuna mtu pale Chaka aliyehitaji kuelezwa zina maana gani.

Kufikia hapo tulikuwa tukionana pengine mara moja kwa mwezi. Mengine yote tuliandikiana. Ile huduma ilikuwa na mahali pa mijadala: kila hitilafu ilifunguliwa ukurasa wake wenye namba, nasi tukajibizana chini yake mpaka itatuliwe. Tulianza kwa kuzungumzia valvu. Baadaye, chini ya ukurasa wa hitilafu ya saa, ungekuta amenieleza habari za bintiye aliyeolewa Kangari, au mimi nimemlalamikia kuhusu mama yangu anayetaka kujua kwa nini siolewi. Hakuna mtu mwingine aliyesoma huko. Palikuwa petu.

Alipoanza kuugua figo, alikuwa akija Nyeri mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, na hata pale kitini aliendelea kuandika. "Leo ninaandika na mkono mmoja, ule mwingine umefungwa," alisema. "Usiniharakishe."

Nilihamisha msimbo Jumamosi moja ya Julai, kukiwa na ukungu na ile baridi ya kwetu inayoingia hata kwenye vifundo vya vidole. Kazi haikuwa ngumu. Unachukua nakala kamili kutoka kwa huduma ya zamani, pamoja na historia yote ya nani alibadilisha nini na siku gani, kisha unaisukuma nzima nzima hadi kwa huduma mpya. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Baadaye nilikaa nikiipitia historia hiyo kuhakikisha hakuna kilichopungua. Jina lake lilikuwa pale, ukurasa baada ya ukurasa. Badiliko lake la kwanza kabisa liliambatana na ujumbe huu: "Nimejaribu. Ikiharibika ni mimi." La mwisho, la Machi: "Nimerekebisha saa za laini ya chini. Zingine nitamalizia nikitoka hospitali."

Huduma mpya iliniomba nihusishe kila mwandishi na akaunti yake. Yeye hakuwa na akaunti huko, na hangefungua. Kwa hiyo kando ya jina langu pakawa na picha yangu, na kando ya jina lake duara la kijivu.

Nilimpigia katibu wa kamati nikamwambia kazi imekwisha, kila kitu kiko salama. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulazimika kulifanya. Bado ilikuwa imebaki miezi miwili, lakini nilirudi kwenye huduma ya zamani nikaifunga akaunti yetu mwenyewe. Iliniuliza kama nina hakika, kwamba kila kitu kitafutwa na hakitarudishwa. Nikabonyeza ndiyo. Sikutaka kupaona tena. Nilitaka jambo hilo liishe.

Septemba jua likawa kali na maji yakapungua zaidi. Katibu akanitaka nifungue laini ya juu na ya kati siku moja ili zamu zizunguke haraka. Nilifungua sehemu ile ya msimbo, nikakuta ameacha maelezo mafupi: "Usibadilishe hapa. Sababu iko mjadala wa 214." Nikabonyeza. Hakukuwa na ukurasa.

Nilikaa nikiitazama ile skrini nyeupe. Mijadala haimo ndani ya msimbo. Ukihamisha msimbo na historia yake, mijadala hubaki ilipokuwa, isipokuwa uichukue kwa njia yake peke yake. Jambo hilo nililijua. Nimewahi hata kuwafundisha watu wengine. Lakini siku ile ya Julai nilikuwa nikihesabu mabadiliko yake, na haikunijia hata kidogo kuuliza maneno yetu yako wapi.

Niliiandikia kampuni. Mtu fulani alinijibu kwa adabu, mistari miwili: data ilifutwa kwa ombi la mwenye akaunti, wanasikitika.

Ndipo nilipokumbuka barua pepe. Kila alipoandika kitu kwenye mjadala, huduma ile ilikuwa ikinitumia nakala, na mimi sikuwahi kuzifuta kwa uvivu tu. Nilizitafuta, zikaja mamia. Na 214 ilikuwemo: laini hizo mbili zikifunguliwa pamoja, bomba la bondeni huvuta hewa na kupasuka. Lilishapasuka mara moja, kabla sijaja, na maji yakaingia darasani, kwenye shule ya hapo bondeni, watoto wakiwa ndani. Nilimpigia katibu nikamwambia haiwezekani na kwa nini. Hakubisha.

Niliendelea kusoma. Nilisoma muda mrefu kabla ya kuelewa kinachonisumbua. Huduma ilinitumia maneno yake peke yake, haikunitumia yangu. Yangu yalikuwa yakienda kwake. Kwenye skrini nilikuwa na mtu anayejibu maswali yasiyokuwepo. "Hapana, sikukasirika." "Hiyo sikuwa nimefikiria. Asante madam." "Mwambie mama yako mimi nimesema angoje."

Mkewe alijaribu kunifungulia barua pepe za marehemu, lakini ilihitaji namba ya siri inayotumwa kwa simu ya marehemu mwenyewe, na laini hiyo ya simu ilikuwa imekaa bila kutumika mpaka ikapewa mtu mwingine. Niliipiga. Akapokea mwanamke aliyesema yuko Sagana. Aliniambia kwa upole kwamba nimekosea, na kwamba si mimi wa kwanza.

Kuna jumbe mbili za Februari ninazozirudia kuliko zote. Ya kwanza iliandikwa akiwa kwenye mashine. "Madam, leo naogopa. Usiambie kamati." Ya pili ni ya kesho yake. "Nimesoma ile kitu uliandika mara tatu. Nimesomea mama watoto pia. Jana nimelala vizuri."

Sijui niliandika nini. Nakumbuka nimekaa mezani, nakumbuka ilikuwa ndefu, na kwamba niliifuta nikaanza upya. Neno lenyewe hata moja silikumbuki.

Nilichapisha jumbe zake zote nikazipeleka Chaka siku ya Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Mkewe alinikaribisha jikoni, akaniwekea chai na viazi vitamu. Sikumzungusha. Nilimwambia nilivyofunga ile akaunti, na kwamba kosa lilikuwa langu. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka siku aliyosomewa.

"Nakumbuka," alisema. "Nilikuwa nachagua maharagwe. Alisoma polepole, akafika mahali akacheka."

"Alicheka wapi, mama? Ilikuwa inasema nini?"

Aliweka mikono mapajani. "Hiyo siwezi kudanganya. Mimi nilikuwa namwangalia yeye. Alikuwa hajacheka tangu Krismasi."

Kisha alizivuta zile karatasi akaniomba nimsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Nilisoma kuanzia juu. Penye hitilafu za mabomba alikuwa akiitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa, na penye habari za bintiye alinirekebisha mara mbili, kwamba haikuwa hivyo, marehemu alikuwa akiongeza chumvi. Tulipofika kwenye ule ujumbe wa kuogopa, aliniomba niuruke.

Niliuruka. Nikasoma uliofuata, na uliofuata huo, mpaka Machi ilipokwisha na karatasi zikawa zimekwisha. Alizipanga vizuri, akaziingiza kwenye bahasha moja na kadi za hospitali, akaniuliza kama nitaongezewa chai.