Jina Nililoipa Klarineti

Mimi ni mwongo, hilo shule nzima inajua. Nilishawahi kumwambia mwalimu wa zamu kwamba nimechelewa kwa sababu kiboko alilala mbele ya geti letu, na kwetu hakuna hata mto. Kwa hivyo nikikuambia kwamba haya yalinipata kweli, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba chai na mandazi mawili, najua utanikunjia uso kama mwalimu yule. Sawa, kunja. Lakini uongo wangu huwa na mwisho mzuri. Kisa hiki hakina.

Shule yetu iko upande wa Rangwe, na tuna bendi. Wahisani walituletea masanduku ya vyombo, na katika sanduku refu kuliko yote mlikuwa na klarineti kontrabasi. Usijali kama huijui; hata Madam Atieno, mwalimu wetu wa muziki, aliisoma kwanza kwenye simu. Klarineti ya kawaida unaijua, kale kafilimbi keusi. Hii ni babu yake: bomba jeusi linalonipita kimo, funguo za fedha kila mahali kama meno ya tajiri, shingo ya chuma iliyopinda. Ukiipuliza haiimbi. Inanguruma chini kabisa mpaka unaisikia magotini.

Nilipewa mimi, kama adhabu ya kutia maharagwe ndani ya tarumbeta ya kapteni. Niibebe na niitunze. Kutunza ni nini? Ukimaliza kupuliza, pumzi yako inabaki ndani ikiwa maji. Unapaswa kuifungua vipande, uvute kitambaa chenye kamba toka juu hadi chini, ukaushe, upake mafuta pale vipande vinapoungana, ufute vifuniko vya ngozi visioze. Mimi nilikuwa naifungia ikiwa imelowa, naenda kula. Wiki mbili hivyo. Ilianza kunuka kama kinywa cha mgonjwa.

Siku ya mashindano Homa Bay mjini, basi la shule likajaa ngoma na wanakwaya, sanduku likakataa kuingia. Madam akanipa nauli ya boda na akamwacha Ouma anisaidie. Ouma ni rafiki yangu, anapiga matoazi, na anaogopa kila kitu hadi vyura.

Mtu wa boda aliliangalia sanduku, jeusi, refu, lenye vishikio vinavyong'aa.

"Huyu ni nani?"

"Ni klarineti," nikasema.

"Sijauliza kabila. Barua ya mochari iko wapi?"

"Boss, ni chombo cha muziki."

"Wote husema hivyo. Sibebi mtu bila barua mimi."

Akaondoka. Tukalibeba kwa miguu, mimi mbele, Ouma nyuma, tukielekea lami kutafuta gari.

Sasa, kwetu watu wakiona sanduku la aina hiyo limebebwa na wawili, hawakuulizi maswali. Wanasimama. Mwanamume aliyekuwa anachimba mtaro alivua kofia. Mama mmoja akashusha beseni lake la omena kichwani, akainamisha uso. Ningefanya nini? Nikavaa sura ya mfiwa. Nikaanza hata kupenga kamasi.

"Acha, wewe," Ouma akaninong'oneza. "Dani yako akisikia!"

Dani ni nyanya yangu, mama yake baba. Ana neno lake moja analolirudia kila mazishi: ukishamtangaza maiti, usidhani utarudi useme ulikuwa unacheza, kilio kikitoka lazima kipate mtu. Nilikuwa nimelisikia mara mia. Nililiweka pale ninapoweka kemia.

Kabla ya lami kishikio kimoja kikang'oka. Ouma akaingia boma la jirani kuomba kamba. Nikakaa kando ya sanduku, juani. Ndipo nikamwona mzee amesimama upande wa pili wa sanduku, amevaa koti zito lililofungwa vifungo hadi shingoni. Katika jua lile! Sikusikia akija.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu. "Mnampeleka nani nyumbani?"

Ningesema ukweli, ungekuwa unasoma kitu kingine sasa hivi. Lakini mdomo wangu haujawahi kuningoja. Nikataja jina. La nani? Langu mwenyewe. Majina yote matatu, na la baba, na kijiji, kwa huzuni kubwa. Sitayaandika hapa, na utaona kwa nini.

"Pole. Alikufa na nini?"

"Hesabu," nikasema. "Ilimpata ghafla."

Hakucheka.

"Nani alimwosha?"

"Bado hakuna, mzee."

Akainama, akalitikisa sanduku kidogo. "Mnampeleka kwa mama yake akiwa amelowa hivi?" Na kweli, nikasikia maji yakicheza ndani.

Akafungua. Nikajiandaa kukimbia, maana sasa ataona ni bomba na atanitafutia fimbo. Akaliangalia vile mtu huangalia uso. Akaitoa ile shingo iliyopinda, akaiinamisha, maji yakatoka. Niamini hapa kama huniamini kwingine: pumzi ya mtu kwa wiki mbili haijazi hata kijiko. Yale yalitiririka, yakachimba njia kwenye vumbi, yakaendelea. Na kadiri yalivyotoka, mdomo wangu wa chini ukaanza kufa ganzi. Kisha kidevu. Kisha kitu fulani kifuani ambacho sijui kinaitwaje.

Akavuta kitambaa kupitia kila kipande, polepole, akishikilia kwa chini kama anayeshika kichwa cha mtoto. Akapaka mafuta. Akabonyeza funguo moja moja, kama kope. Akaiunga tena na kuipuliza. Sauti moja tu, ya chini kuliko zote. Nilihesabu hadi arobaini na ilikuwa haijakatika, na lile koti halikupanda wala kushuka.

"Sasa yuko safi," akasema. "Wacha nitangulie niwaambie."

Akaenda zake. Upande wa kwetu.

Niliogopa? Ningependa kukuambia nilipiga mayowe. Sikuhisi kitu. Nilikaa pale kama mtu kwenye benchi la dispensari ambaye hajui ameleta ugonjwa gani.

Ouma akarudi na kamba. Akachungulia sandukuni.

"Ala! Umeikausha? Wewe?"

"Ni yule mzee."

"Mzee gani? Nimekuona nikiwa kwa ua. Umekaa peke yako unajisemesha. Nikadhani unafanya mazoezi ya uongo."

Tulipata pikapu ya kubeba ndizi, tukafika. Mlangoni mwa ukumbi Madam akaita majina. Akaita moja mara mbili, na mimi nikageuka pamoja na wengine kumtafuta huyo asiyeitika. Ouma akanifinya. Lilikuwa langu.

Tukapiga. Klarineti haijawahi kunguruma vizuri vile. Madam alitokwa na machozi. Mimi sikuhisi hata kama imegusa mdomo.

Tuliposhuka jukwaani, simu ya Madam ikalia. Akasikiliza, akaniangalia, akanipa. Alikuwa mama. Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia, kile kilio chetu kinachopanda kilima.

"Nani huyu?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani? Sema jina! Kuna mzee amekuja hapa getini na koti, anasema mtoto wangu amekufa, ameshaoshwa, yuko njiani. Anasema ni hesabu. Hesabu ni ugonjwa gani? Sema jina lako!"

Ouma hakuwepo niliposema hesabu. Fikiria hilo kidogo.

Jina nilikuwa nalijua, kama unavyojua jina la mtoto wa jirani. Nikalileta hadi mdomoni, likafika kwenye ganzi, likakwama. "Ni mimi," nikasema tena. Mama akaanza kulia upya. Ouma akaninyang'anya simu akamweleza.

Madam alinipeleka nyumbani mwenyewe, jua likiwa bado juu. Dani alikuwa ananingoja barabarani, mbali na geti, amejifunga leso kiunoni.

"Ulimpa jina?" Hakuuliza mzee huyo ni nani.

"Nilikuwa nacheza, Dani."

"Yeye alikuwa anacheza?"

Akaikaza leso yake.

"Basi sikiliza. Usipite getini. Huko ndani umeshaliliwa, wajomba zako wameshafika. Huyo mzee ameshakuosha. Jambo lililobaki ni moja tu, na tusipolifanya sisi atarudi alifanye yeye."

Ziwa likimla mtu wa kwetu na mwili usipatikane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu linaloning'inia mtini kama soseji ya jitu. Dani alikuwa ameshatuma likatwe. Wakachimba kando ya nyumba, wakalizika kwa majina yangu matatu. Mimi nikapitishwa tundu lililokatwa kwenye ua, kama mbuzi wa wizi, nikasimama nyuma ya watu kwenye mazishi yangu. Shangazi akasema marehemu alikuwa na adabu na aliheshimu walimu. Hapo nikajua kweli amezikwa mtu mwingine.

Kisha Dani akanishika masikio mawili akaniita jina lingine, la kaka yake aliyekufa zamani. Mara tatu. Ya tatu nikaitika. Niliitika bila kufikiri.

Muhula mzima umepita. Mdomo wa chini bado haujarudi. Chai ikiniunguza naambiwa na lengelenge kesho yake. Shuleni rejista haibadilishwi, naibu mkuu anataka cheti cha kuzaliwa kipya na barua, kwa hivyo mtihani nitaufanya nikiwa marehemu. Asubuhi wakiita jina langu la zamani, Ouma huniitikia. Niliwahi kuitika mwenyewe siku moja, nikasikia maji yakitiririka mahali, sijajaribu tena. Klarineti naikausha kila siku, hadi ndani ya funguo. Madam anasema nimekomaa.

Wewe unayesoma ukicheka, cheka. Lakini ukibeba kitu kirefu kwenye barabara ile na mtu akakuuliza unampeleka nani, mwambie ni bomba, fungua aone, hata ukichelewa. Na usijiambie kwamba kwa kuwa jina ni lako unaweza kulichezea utakavyo. Mama hujisahau akiwa jikoni na kuniita lile la zamani, chakula tayari, njoo ule. Mimi hukaa tu. Namsikia akingoja. Kisha huja hadi mlangoni, akatazama kando ya nyumba, akaniita kwa hili lingine, na sauti yake ni ile ya kumkaribisha mgeni.