Maji ya Watu wa Stesheni

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji ya kampuni ya migodi, hapa Kolwezi, sikupewa spana. Shefu wa seksheni, mzee tuliyemwita Tata Mukendi, alinitembeza kwa miguu kutoka kituo cha pampu hadi kwenye tangi kuu la kilimani. Njiani alinionyesha kila vali, yaani kile chuma unachokizungusha ili maji yapite au yasimame. Tulifika juu jasho likitutiririka.

"Mutoto yangu," aliniambia akipapasa bomba, "maji, Mungu njo anatupatia. Siye tunaipitisha tu mu tiyo. Kila asubui, mbele ya kuwasha pompe, sema aksanti."

Nilidhani hayo ni maneno ya kanisani tu, maana alikuwa shemasi katika parokia yetu ya Dilala. Lakini nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumwona akiwasha pampu kabla ya kushukuru. Alinifundisha kuisikiliza: ikivuta hewa hukohoa kama mgonjwa, na usipoizima upesi inaungua.

Kisha ikaja ile miaka mibaya. Kampuni ilikuwa inaporomoka, mishahara inachelewa, na wanasiasa wakaanza kusema kwamba watu wa mkoa jirani wa Kasai ndio waliotunyang'anya kazi. Tata Mukendi alizaliwa hapahapa, ila baba yake alitoka Kasai. Wakubwa walimtoa ofisini, halafu vijana wakamtoa nyumbani. Yeye na familia yake wakaenda kulala stesheni pamoja na umati wa wenzao, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambayo haiji. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya mkoa wetu wa Katanga, kwa hiyo mimi sikuguswa.

Shefu mpya hakuwa mtu mbaya, ila aliwaogopa wakubwa. Alinituma nifunge vali ya maji yanayokwenda stesheni.

"Bale haiko bantu ya kampuni tena," alisema bila kunitazama.

"Shefu, kule kuko bamama na batoto. Mi siwezi kuifunga."

"Unajua kazi yako itaisha?"

"Najua, Shefu."

Nilikuwa na watoto wa kusomesha. Shefu alichukua ufunguo wa vali, akaenda kuifunga mwenyewe.

Nilipomweleza mke wangu, hakunilaumu. Alipita nyumba kwa nyumba akizungumza na majirani. Kesho yake asubuhi akina mama wa parokia, Waprotestanti, hata wake wa wafanyabiashara Waislamu, walitoka Dilala na ndoo na mabidoni, yaani madumu ya maji, kichwani kwenda stesheni. Nami nilibeba langu. Mbele yangu alitembea mama mmoja mzee mwenye ndoo ndogo, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimtambua: ndiye aliyemzaa shefu mpya.

Tulimkuta Tata Mukendi amekonda sana. Mama yule alimwekea ndoo miguuni.

"Kunywa, Tata."

"Aksanti, Mama. Tupatie kwanza bale bagonjwa."

Siku iliyofuata mfereji wa stesheni ulikuwa unatoa maji. Hakuna aliyesema ni nani aliyeufungua, na mimi sikufukuzwa. Treni ilipokuja hatimaye, nilimshika Tata Mukendi mkono kwenye mlango wa behewa la mizigo mpaka mwendo wa treni ukatuachanisha. Baadaye nilisikia kwa wasafirishaji kwamba alifika Kasai salama, na anachimba visima huko.

Sisi tuliobaki tulikula kwa jasho. Mishahara ilipokatika kabisa, nililima mihogo upande wa Mutshatsha, nikirudi kuwasha pampu kwa zamu. Watoto wangu walikua, wakasoma. Mpaka leo sielewi vizuri ilivyowezekana, ila nashukuru.

Siku yangu ya kustaafu nilimuuliza shefu yule, ambaye naye sasa alikuwa na mvi, kuhusu maji ya stesheni.

"Mama alitoka kule, akakatala kukula," akasema. "Nilimuwekea bukari na samaki, akaisukuma. Akaniambia, 'Fungula maji kwanza.'" Akafinya vidole kama anayemega tonge la ugali. "Nikaenda kufungula. Niliporudi, tukakula pamoja."

Zamani nilidhani neema ya siku zile iliwashukia watu wa stesheni, ikanigusa na mimi niliyebaki na kazi yangu. Kumbe ilikuwa imeingia pia katika nyumba ya shefu wangu, ikakaa naye mezani, mbele ya bukari iliyopoa.