Pipa Kutoka Masara

Juma lililopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Suna, simu mkononi, akaniuliza kama nina chombo cha kuchachushia pombe. Si ya kuuza, alisema, ni ya kunywa na marafiki zake nyumbani. "Mama, wanasema plastiki iko sawa. Ama nichukue ya chuma?" Nilimwambia achukue ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na akipewa ya mabati hata bure, aikatae. Alicheka, akalipa, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa, na wateja wakawa wanajihudumia wenyewe, maana swali lake lilikuwa limenirudisha Homa Bay, kwa nyanya yangu mzaa mama, miaka ile ya kwanza ya uhuru.

Ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane na alikuwa mpika pombe, lakini usimfikirie kama mama pima unayemjua wewe. Pombe yake haikuuzwa kwa kikombe. Ilipikwa kwa ajili ya mavuno, kupokea wakwe, kukumbuka marehemu, na wazee walitoka mbali kuja kukizunguka chungu chake na mirija yao mirefu. Kimea cha wimbi kilipoanikwa juani, kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku, kazi niliyoichukia kwa sababu kuku wa nyanya walikuwa na kiburi kuliko watu. Unga uliochachuka ulipokaangwa kwenye karai, harufu yake ilifika mpaka ziwani, na nilikuwa naiba vipande vya moto na kuungua ulimi kila mara.

Ila jambo alilolijali kuliko yote lilikuwa chungu. Siku ya soko tulikwenda kwa wafinyanzi asubuhi mapema, na nilijua hatutarudi nyumbani upesi. Alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Aliingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akapapasa tumbo lote la ndani. Kisha, mbele ya soko zima, alilamba ukingo wake, kuona kama udongo utanata ulimini. Wafinyanzi walimzoea. "Mama, unanunua chungu ama unakula?" mmoja alimwuliza, naye akamjibu, "Nikikosa kukila leo, wageni wangu watakula matope kesho." Alipenda kusema kwamba pombe ni kiumbe, inataka giza na inataka kupumua, na udongo mzuri huipa vyote viwili.

Chungu chake kikubwa, kile tulichokiita thago, alikuwa nacho tangu alipoolewa. Mwaka ule kilianza kutoa jasho kupita kiasi. Ufa haukuonekana kwa macho, lakini chini palikuwa na unyevu kila asubuhi. Pombe ya kumkumbuka babu ilikuwa karibu, kwa hiyo tukaenda soko, akachagua kingine, akamwomba mfinyanzi amwekee mpaka juma litakalofuata. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha, yeye akiimba polepole mbele yangu.

Tukamkuta mjomba. Huyu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, kijana mrefu mwenye kicheko cha haraka, aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Masara. Alikuwa amesukuma baiskeli njia yote kupitia Ndhiwa, na juu ya baiskeli amefunga pipa jipya la mabati, leupe, linalong'aa mpaka watoto wa jirani walikuwa wamelizunguka wakijitazama.

"Mama, hii haiwezi pasuka," alisema. "Hata ng'ombe ikiipiga teke. Sasa upumzike na hiyo mambo ya vyungu."

Nyanya aligonga pipa kwa kidole chake, likalia. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha. "Ni kubwa," alisema. "Asante, baba." Akamkamata mwanawe mkono na kumpeleka akale.

Kesho yake mjomba alirudi kazini, na nilidhani tutarudi soko. Lakini nyanya aliniambia nilete maji tulioshe pipa. Nilimwuliza kama lina pumzi. Aliendelea kusugua. "Halina," alisema. "Lakini mtoto wangu amelisukuma kutoka Masara." Nikamwona anatabasamu peke yake, na ninavyomkumbuka leo, nadhani hiyo ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote nilizomjua.

Pombe ilichachukia humo, kwenye pembe ya giza ya nyumba, ambako wageni hawakufika. Siku yenyewe tuliichuja na kuigawa kwenye vyungu vidogo, wazee wakaingiza mirija yao, wakamsifu babu, wakamsifu nyanya. Baada ya muda mfupi mmoja alishika tumbo. Kisha wa pili. Wakatapika nyuma ya ghala, kando ya njia, wengine papo hapo walipokuwa wamekaa. Walipona karibu wote. Lakini kaka wa babu, ambaye alikuja tayari akiwa mgonjwa wa siku nyingi, hakuinuka tena kitandani, na kabla juma halijaisha alizikwa.

Nyanya hakulia mbele yangu. Alitulia mlangoni akijisemea: kimea ni kilekile, maji ni yaleyale, mikono ni ileile. Alirudia maneno hayo mara nyingi, halafu akageuka akaliangalia pipa. Akaniita tulisafishe, tukalijaza mtama mpaka juu. "Pipa hili ni la mtama," aliniambia. "Limekuwa la mtama tangu lije." Nilimwuliza kwa nini. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kisimani, kwamba watu wa machimbo husemwa vibaya, kwamba hununua dawa za utajiri, na wakijua chombo kilitoka Masara watasema mjomba ameua ndugu wa baba yake. "Mimi nimeshaishi," alisema. "Yeye bado hajajenga."

Wazee walipokuja kumwuliza amechachusha pombe ndani ya nini, aliwaonyesha thago yake. Wakamwuliza aliweka nini humo. Alisema hakuweka kitu, labda mikono yake imezeeka. Waliivunja hapo hapo uani, na vile vidogo pia, kimoja baada ya kingine, naye amesimama mikono nyuma. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa hata maji kwake. Wanawake kisimani walinyamaza tukifika. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliitwa mjukuu wa mwenye sumu, na nilipigana mpaka nikachoka.

Lakini yote hayo angeyabeba. Lililomvunja lilikuja mwishoni mwa mwaka, mjomba alipokuja nyumbani. Nyanya alimwandalia ugali wa mtama na samaki, ngege mzima wa kuchemsha, na nyumba yote ilinukia. Mjomba alikaa akiegemea pipa lake. Aliuangalia ule ugali, akasema, "Mama, nimeshiba. Nilikula njiani."

Nyanya alimtazama. Alilivuta sinia upande wake, akamega tonge, akala, akamega samaki, akala, taratibu, akimwangalia usoni, mpaka akafika nusu. Kisha akalisukuma tena mbele yake. Mjomba aliinamisha kichwa, akasema jua linakwenda, akatoka. Nilisikia baiskeli ikiteremka njiani. Nyanya alibaki ameshika mkono wake wenye ugali, hakuunawa, na mimi sikujua mtu hufanya nini akiona mtu mzima namna ile.

Mjomba alijenga hapa Suna, akaoa, akapata watoto. Nyanya hakuwahi kuwabeba. Siku ya kumzika, waliokuja walikuwa wachache, na hakuna aliyewapikia wageni pombe.

Nilikuwa nimeshazeeka kidogo mimi mwenyewe, na duka hili nimelifungua, siku bwana afya alipopita sokoni akatukataza kuwauzia watu wa maziwa lala, yale yaliyochachuka, ndoo za mabati. Kitu kichachu, alisema, kikikaa humo kinakula ule weupe wa zinki, na ukinywa unatapika. Pombe je? nilimwuliza. Pombe ya kienyeji ndiyo mbaya zaidi, akasema. Nyanya alikuwa amehisi tu, na mimi nilihisi kwa sababu yake. Sasa nilijua. Nilifunga duka nikaenda kwa mjomba.

Ukienda Homa Bay leo hutamwona mwanamke akilamba chungu sokoni. Wafinyanzi wamebaki wachache na wanauza vyungu vya maua. Mirija mirefu sijui iko wapi. Boma la nyanya limelimwa mahindi na watu nisiowajua, na mimi nimebaki nikimkumbuka na mzee mmoja tu wa kushirikiana naye, mjomba, na ni yeye niliyepaswa kumpelekea habari hiyo.

Nilimkuta kibarazani kwake. Nilimweleza yote, pipa, zinki, mtama, na maneno ya nyanya kwamba yeye alikuwa bado hajajenga. Alitazama nyumba yake, mabati yake, wajukuu wake wakicheza uani. Nilidhani ataniuliza kama nina hakika. Badala yake akaniita okewa, jina ambalo mjomba humwita mtoto wa dada yake, na ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka mingi.

"Okewa," alisema, "siku ile sikuwa nimekula njiani. Nilikuwa na njaa."