Siku Mama Alipoiacha Mashine Ianguke

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu tulimzika mama. Asubuhi, nilipokuwa nikitoa mabenchi ya wageni kwenye karakana nyuma ya nyumba, harufu ya vumbi la mbao na grisi ilinirudisha kwenye kiangazi nilipokuwa darasa la sita, mama alipoamua kuleta mashine ya randa nyumbani.

Baba alikuwa seremala, na mashine yake ilikaa katika chumba cha kupanga sokoni Muthetheni. Siku ilipokuwa ikishushwa pale iliinama, naye akajaribu kuizuia kwa bega. Ilimponda mguu, na mguu haukupona sawasawa. Hakuweza tena kupanda mlima wa kwenda sokoni. Alibaki uani akichonga mipini ya majembe kutwa. Mama alimtazama hadi mavuno yakaisha, ndipo akasema, "Baba Mutua, wewe huwezi kuifuata mashine. Basi itakufuata."

Lori liliifikisha barabarani tu. Kutoka pale hadi nyumbani ni mteremko wa shamba lenye matuta. Mama aliita mwethya, wale akina mama waliokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, wakakata njia kupitia matuta na kuishindilia kwa miguu. Mashine ilifungwa juu ya mbao mbili nene, chini yakawekwa magogo ya mkaratusi ili ibingirike. Nyuma kulikuwa na kamba mbili zilizozungushwa kwenye mashina ya miti, za kuizuia isikimbie. Mama alikataza kuimba. Mwethya bila wimbo ni kama ugali bila mboga, lakini alisema wimbo ni wa kuvuta, na siku hiyo kazi yetu ilikuwa kuzuia.

"Asisimame mtu chini yake," alisema. "Na ikianza kuanguka, wacheni ianguke. Chuma huchomelewa. Mguu hauchomelewi."

"Na ikivunjika, Baba Mutua atatuangalia na macho gani?" akauliza Mama Kioko, jirani yetu.

"Ataniangalia mimi."

Walianza kuiteremsha. "Hii kitu ni nzito kama bwana ametoka kwa pombe," Mama Kioko akasema, na mwingine akamjibu, "Wako ama wangu?" Wakacheka, kamba zikilegezwa kidogo kidogo. Kwenye tuta la tatu ukingo ulibomoka. Mashine ikainama upande, na Mama Kioko akaikimbilia, mikono mbele.

"Shikeni!" baba alipiga kelele kutoka uani. "Shikeni hiyo mashine!"

"Wacheni!" Sijawahi kusikia sauti ile kwa mama, kabla wala baadaye. "Mama Kioko, toka! Wacheni!"

Waliachilia. Mashine ilianguka kwa kishindo, na mpini wake mmoja ukakatika. Vumbi lilipotulia, baba alikuwa akipanda mteremko kwa fimbo yake, kwa mara ya kwanza tangu aumie. Nilidhani angemtukana mama mbele ya watu. Aliitazama mashine, kisha akamgeukia mama.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna."

"Basi leteni mitaimbo. Tuanze na upande huu mzito."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kabla ya jua kutua ilikuwa ndani, na baada ya mpini kuchomelewa ililisha nyumba yetu kwa miaka mingi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na lori lenye kreni. Nimewaona vijana Syokimau, wamevaa kofia ngumu, wakishusha mashine kubwa kuliko ile kabla chai yao haijapoa. Ni afadhali hivyo, sitadanganya.

Mazishini, kaka yangu Mutua alisoma maisha ya mama: kanisa, shamba, watoto. Siku ile haikutajwa. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo haikuwa habari. Akina mama wa mwethya waliobaki walikuja, wazee sasa, wakatupa udongo mmoja mmoja. Mama Kioko alikuwa wa mwisho. Alipangusa viganja kwenye leso yake, akashika njia ya matuta, akapanda hadi barabarani kwa miguu yake miwili.