Mtani Namba Thelathini na Moja

Siku ya usaili wa mafunzo ya ufundi nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Nilipanga viti vitatu upande wetu wa meza na kimoja upande wa mwombaji, kisha nikachora safu tatu kwenye daftari: namba, majibu, maoni. Majina hayakuruhusiwa. Kila mwombaji alipewa namba mlangoni ili tusije tukapendelea mtu, na wazo hilo la namba lilikuwa langu. Nilijivunia.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na hata leo nasema hivyo. Jiji lilitenga fedha za ada na vifaa, chuo cha ufundi kikatoa wakufunzi na karakana. Watu wa kata zetu waliozoea kufanya kazi kwa mikono bila cheti wangesoma miezi sita, wakafanya mtihani, wakatoka na karatasi inayotambulika. Darasa la majokofu na viyoyozi lilikuwa na nafasi kumi tu, na waombaji walijaa ukumbi wa kata hapa Usagara, Tanga, hadi nje kwenye ngazi.

Mezani tulikuwa watatu. Mkufunzi wa chuo alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, hajamaliza miezi mitatu Tanga. Mama wa ofisi ya jiji alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka Singida. Wa tatu nilikuwa mimi, afisa maendeleo wa kata na mwandishi wa muhtasari, mwenyeji pekee. Kabla ya kuanza, mkufunzi alitugawia karatasi tutie sahihi, kwamba hatuna undugu wala ukaribu na mwombaji yeyote. Akiingia mtu tunayemjua, tuseme hapo hapo, tutoke nje mpaka amalize. Nilitia sahihi bila hata kuisoma mara ya pili.

Namba thelathini na moja aliingia karibu na adhuhuri. Sikuhitaji namba kumjua. Alikuwa fundi friji ambaye kibanda chake kiko mtaa wa pili kutoka kwangu, mtu wa rika langu, Mdigo. Mimi ni Mbondei. Tumetaniana tangu tukiwa na ndevu za kuhesabika. Alisimama mlangoni, akatazama meza, akaniona.

"Hodi! Wenyewe wapo, au wametuwekea Mbondei alinde viti?"

Mdomo wangu ulijibu kabla ya akili yangu.

"Pita, Mdigo. Leo umeamka? Mbona jua halijazama?"

"Nimejihimu, yakhe. Nilisikia uko hapa, nikasema niwahi kabla hujaondoka na meza."

Mama wa jiji alitabasamu kidogo. Mkufunzi hakutabasamu. Nami, badala ya kukomea hapo, nikanogewa. Nikawageukia wenzangu.

"Wakubwa, huyu mkimpa nafasi mjue mmempa mahali pa kulala. Akifungua friji la mtu anaingia ndani kupunga ubaridi. Kazi ya siku moja, kwake ni mwezi."

"Mwezi? Mwanipunja!" akasema, huku akivuta kiti. "Miwili. Na samaki nitakayemkuta ndani ni halali yangu."

Kwetu mtani hakatai. Ukimwambia mtani wako ni mvivu, hasemi si kweli. Anakuongezea. Akijitetea ameshindwa, na watu watamcheka yeye. Mkufunzi hakujua hayo, wala hakuwa na namna ya kuyajua. Aliinua macho kwenye karatasi yake, akauliza kwa sauti ya kiofisi kabisa:

"Kwa hiyo unakiri kwamba huwa unachelewesha kazi za wateja?"

Fundi akanitazama. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri apewe nafasi ya kupita. Maana desturi ina upande wa pili. Ukimtania mtu mbele ya wageni, wewe uliyeanza ndiye unayewaambia wageni, "Msishangae, huyu ni mtani wangu." Wote wanacheka, mambo yanarudi mahali pake. Yeye hawezi kuyasema kwa niaba yako. Ni lazima yatoke kwako.

Nilikumbuka karatasi niliyotia sahihi. Kusema ni mtani wangu kulikuwa sawa na kukiri kwa kinywa changu kwamba nilikuwa namjua toka alipoingia, na kwamba nilikaa nikaongea badala ya kutoka nje. Mkufunzi angeniona mtu wa maneno mengi na sahihi nyepesi. Nikainamisha kichwa. Nikaandika.

"Nimeuliza, unakiri?" mkufunzi akarudia.

"Mambo ya... ah." Fundi alinitazama tena. "Haya, bwana. Ulizeni mengine."

Yaliyofuata aliyajibu vizuri. Alieleza namna ya kupima gesi kwa geji, namna ya kutafuta tundu kwenye mirija ya shaba kwa povu la sabuni, na kwa nini kompresa iliyoungua haifai kusukwa nyaya upya bila kusafisha mfumo mzima. Mkufunzi aliitikia kwa kichwa mara mbili, ameridhika. Lakini karatasi ya alama ilikuwa na kipengele cha uaminifu kwa wateja, na hapo, nilipochungulia, aliweka sifuri.

Katika daftari langu, kwa mwandiko wangu ulionyooka, nilikuwa nimeandika: "Na. 31 amekiri kuchelewesha kazi, hadi miezi miwili." Kila neno lilisemwa mezani. Mtu akinibana hata leo siwezi kuambiwa nimeongeza herufi.

Nilijua alichokuwa akikitafuta. Kwa miaka mingi alikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha barafu, kile kinachowauzia wachuuzi wa samaki. Mitambo ile alikuwa akiisikiliza. Alikuwa akiweka mpini wa spana sikioni na ncha yake kwenye kompresa, akasema beringi imechoka, na kweli ikawa imechoka. Mwenye kiwanda alikuwa amemwambia kwamba wakaguzi hawamtaki mtu asiye na cheti kwenye mashine, na kwamba akipata cheti atamwajiri moja kwa moja. Asipopata, basi. Haya alinisimulia mwenyewe, siku aliyokuja kwangu kuchukua fomu. Mimi ndiye niliyemwambia ajaze.

Na si hilo tu. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimzika baba yangu kijijini, njia ya Muheza. Fundi alifunga kibanda chake siku mbili akaja. Kaburi lilipokuwa tayari, alijirusha ndani, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe baiskeli ya marehemu, maana mzee huyu alikuwa mchoyo na hakuwahi kumpa hata lifti. Shangazi zangu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yakiwatoka. Mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Alipotoka na udongo mgongoni, yeye ndiye aliyenishika mkono wakati wa kufukia.

Huyo ndiye niliyemwandika.

Nafasi ya kusahihisha niliipata. Baada ya usaili wa mwisho nilisoma muhtasari wote kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, kisha nikauliza kama kuna marekebisho. Niliuliza mimi, na mwenye marekebisho nilikuwa mimi. Mama wa jiji alisema hana. Mkufunzi alisema hana. Nikaandika "Hakuna," tukatia sahihi, tukaagana.

Orodha ya kumi waliochaguliwa ilibandikwa kwenye ubao wa kata wiki iliyofuata. Niliibandika mwenyewe. Kutoka dirishani nilimwona fundi akija, akipitisha kidole kwenye namba, kushuka, halafu kupanda tena kana kwamba huenda aliruka mstari. Hakuingia ofisini. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema nina kikao.

Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi niliandika barua kwa jiji na kwa chuo. Nilisema kwamba namba thelathini na moja ni mtani wangu, kwamba maneno yale yalikuwa utani nilioanzisha mimi, kwamba nilikiuka karatasi niliyotia sahihi, na kwamba alama ile iangaliwe upya. Nilijiondoa kwenye kamati. Mama wa jiji alinipigia simu.

"Sasa afisa, si ungesema pale pale? Hata kwetu Singida utani upo. Sote tungecheka, yakaisha."

Barua yao ilikuja baadaye. Darasa limekwisha anza, nafasi zimejaa, mwombaji anakaribishwa kuomba awamu ijayo. Mimi nilipewa onyo la maandishi, lililonistahili kabisa.

Niliichukua ile barua pamoja na fomu mpya, nikaenda kibandani kwake. Kiwanda kilikuwa kimeshampumzisha. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji la mama mmoja muuza samaki, na mama huyo amekaa pembeni juu ya ndoo akisubiri. Nilimweleza yote, mbele ya mama huyo, sikutafuta faragha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono, akaisoma barua, akaikunja vizuri.

"Ahsante kwa kufuatilia, afisa."

Hakuwa amewahi kuniita afisa.

"Awamu ijayo utakuwepo mezani?" akauliza.

"Hapana. Nimejiondoa."

"Afadhali."

Nilijaribu. Nilisema, "Mdigo, hata kiti hunipi? Unanisimamisha kama mdeni?" Angekuwa yule wa zamani angenijibu kwamba Wabondei hukaa mitini. Yeye alichukua kigoda chake, akakipangusa vumbi kwa kitambaa, akakiweka kivulini.

"Karibu ukae. Chai ipo."

Nilikaa. Nilipewa chai kwenye kikombe chenye kisahani, nikainywa kama mgeni, nikisema ahsante kila mara. Yeye alitandaza fomu juu ya friji, akaanza kuijaza. Fomu ile niliitunga mimi, naijua mstari kwa mstari. Alipofika mahali panapoulizwa jina la mtu anayeifahamu kazi na tabia ya mwombaji, kalamu ilisimama. Niliweka kikombe chini. Nilikuwa tayari kumtajia namba yangu ya simu.

"Mama," akamwita muuza samaki, "jina lako kamili waandikaje?"

Mama akamtajia, polepole, na yeye akaandika.