Kidoa cha Shavuni

Juzi simu yangu ilimlainisha marehemu Baba usoni katika picha yake, ikafuta na kidoa chake cheusi cha shavuni. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kazini kwake ughaibuni, Germantown, kwenye kampuni iliyotayarisha picha za magazeti kwa kompyuta, wakati wengine bado walikuwa wakikata filamu za picha kwa wembe. Chumba kilinuka dawa za filamu, skana ikivuma kama jokofu. Baba alikuwa akisafisha picha ya Bibi, mama yake aliyebaki Moshi, akiondoa vumbi punje kwa punje.

“Umesahau hiki,” nilimwambia kwa Kiingereza, nikigusa kidoa cheusi shavuni mwa Bibi, kama cha Baba.

“Hicho kiache, mwanangu. Nikikifuta, nitakuwa namtazama nani?”

Nilidhani ananiuliza kweli. Nikamjibu, “Bibi.”

Juzi nilikirudisha kidoa cha Baba, nikamtazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.